Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha: Tume ya uchaguzi isipimiwe kwa gorogoro

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Nakuru. Najua una kazi nyingi, ndiyo maana nimengoja sana kabla ya kukuandikia. Lakini juma lililopita nilienda kuchukua magunia kumi ya mahindi kwa mkopo, kama kawaida yangu. Muuzaji wa jumla akafunga daftari. "Mama, kura ziko njiani. Sasa ni pesa mkononi."

Simlaumu. Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, kibanda changu kiliteketea na maharagwe ndani. Iliyobaki ni sahani ya mizani, nyeusi mpaka leo, na bado naipimia. Watu zaidi ya 1,100 walikufa, nami nalilia mizani, nisamehe.

Baada ya hapo tuliahidiwa tume huru. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 249, inataka Bunge litenge pesa za kutosha na bajeti ya tume iwe na fungu lake. Sheria ya 2011 ikaanzisha Mfuko wa Tume. Maandishi mazuri kweli! Ila Bunge likishapitisha, pesa bado zinatoka Hazina, kwako. Mimi ni muuza nafaka, Mheshimiwa: mwenye kushika gorogoro, ule mkebe wa kupimia, ndiye anayeamua mteja atapika nini, na mteja huyo hathubutu kumnunia.

Makamishna nao? Mwenyekiti wa tume, Wafula Chebukati, aliondoka Januari 2023, warithi wake wakaapishwa Julai 2025. Bila makamishna hakuna uchaguzi mdogo: watu wa jimbo la Banissa, mbunge wao alifariki 2023, wakapata wa kumrithi Novemba 2025. Wengine wanasema ni kesi mahakamani. Mimi nashuku wanasiasa wa pande zote walivipenda viti vya makamishna vikiwa vitupu. Hilo si lako peke yako, najua. La pesa ni lako.

Tafadhali usinijibu kwamba serikali inalishughulikia. Tarehe 10 Agosti 2027, siku ya uchaguzi mkuu, haikutujia usiku kama mafuriko. Katiba iliitaja mapema. Weka pesa za uchaguzi kwenye Mfuko huo sasa, tume isiwe ikibisha hodi kwako na bakuli mkononi. Nasema tena, Mheshimiwa: kwenye Mfuko, na sasa. Halafu nipatie nakala ya stakabadhi, nimpelekee yule mwenye daftari.

Wako mtiifu, kwa sasa,
Mama wa nafaka, Nakuru