Kadi ya grafiki ipimwe katika joto letu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi gazetini mwako nizungumzie makala ya ukurasa wa teknolojia iliyompendekezea kila mpenzi wa gemu kadi ya grafiki, yaani kifaa cha kompyuta kinachochora picha za gemu, ya GeForce RTX 4090. Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Ngamiani, Tanga, na sibishani na nguvu ya kadi hiyo, ambayo tangu ilipotoka Oktoba 2022 ikiwa na kumbukumbu ya gigabaiti 24 imezimudu gemu nzito za 4K (picha za nukta 3840 kwa 2160) kwa wepesi ambao zilizoitangulia hazikuufikia. Ninacholalamikia ni kwamba mwandishi alihesabu fremu, yaani picha zinazochorwa, kwa sekunde tu, akayaacha yanayomkuta mnunuzi akishaifikisha nyumbani.

Kadi hii hula hadi wati 450, na Nvidia wenyewe, kampuni inayoiunda, wanashauri pawa saplai (kifaa kinachoigawia kompyuta umeme) ya wati 850. Juzi kijana mmoja aliniletea kompyuta iliyokuwa ikizimika kila gemu inapopamba moto, nami nikakuta kadi aliyoinunua kwa akiba ya miaka miwili imefungwa kwenye pawa saplai ya wati 550. Iliniuma, kwa sababu hakuna aliyemwambia. Hata plagi ya umeme ya kadi hii, yenye pini 16, isiposukumwa hadi mwisho huweza kupata moto na kuyeyuka, jambo lililoripotiwa wiki chache tu baada ya kadi kutoka.

Isitoshe, wati hizo zote huishia kuwa joto, sawa na kuwasha balbu saba na nusu za wati 60 ndani ya sanduku moja. Wakati wa kaskazi, katika chumba kisicho na kiyoyozi, feni huvuma kwa nguvu zote na joto likizidi kadi hujipunguzia kasi ili isiungue, hivyo fremu zilizosifiwa hazionekani. Hewa ya bahari nayo ina chumvi, na chumvi huleta kutu.

Tena wateja wangu wengi wana skrini za 1920 kwa 1080 zenye herzi 60, yaani zinazobadili picha mara 60 kwa sekunde, ambazo nukta zake ni robo tu ya zile za 4K. Hapo kadi hukaa ikiisubiri prosesa, ubongo wa kompyuta, na fremu zinazozidi 60 skrini haiwezi kuzionyesha zote.

Naomba tathmini ijayo ifanywe madirisha yakiwa wazi, mchezo uendelee kwa saa mbili, na msomaji atajiwe joto la kadi, pawa saplai na skrini iliyotumika. Chumba changu cha kazi kiko tayari kwa kipimo hicho.

Fundi wa kompyuta,
Ngamiani, Tanga