Sufuria ya Watu Watano Katika Nyumba ya Watu Sita

Ndugu Mshauri,

Salamu kwako na kwa wasomaji wenzangu. Mimi ni mwanamume wa miaka 44, nina mke na watoto wanne, wa kwanza akiwa binti wa miaka 15 na wa mwisho mvulana wa miaka 6. Miezi minane iliyopita siku zangu za kazi zilipunguzwa kutoka tano hadi mbili kwa wiki, na mke wangu, ambaye kabla ya hapo alikuwa akifanya vibarua vya hapa na pale, akapata kazi ya zamu inayomtoa nyumbani jioni mara nne au tano kwa wiki. Kwa kuwa mimi ndiye ninayeshinda nyumbani, jiko likawa langu, pamoja na fungu la fedha za chakula ambalo hunikabidhi kila Jumamosi ndani ya bahasha. Ninachokuandikia kinahusu bahasha hiyo, lakini naomba unisome hadi mwisho, kwa sababu nilivyolielewa tatizo hili mwezi wa kwanza sivyo ninavyolielewa leo.

Mtakwimu Mjerumani Ernst Engel alionyesha mwaka 1857 kwamba kadiri kipato cha kaya kinavyokuwa kidogo ndivyo sehemu kubwa zaidi ya kipato hicho inavyoishia kwenye chakula. Kwetu sehemu hiyo imekwisha kuvuka nusu. Hata hivyo, kodi ya nyumba haikubali kulipwa robo tatu, wala nauli haipungui kwa sababu abiria ana shida. Chakula peke yake ndicho kinachokubali kukatwa, tena hakilalamiki siku hiyohiyo.

Wiki ya kwanza bahasha iliisha Jumatano. Wiki ya pili nilijikaza ikafika Alhamisi asubuhi, na siku mbili zilizobaki nikachukua vitu kwa mkopo, jambo lililofanya wiki ya tatu ianze ikiwa na shimo. Niliona aibu, kwa sababu kiasi kilekile kilikuwa kikimtosha mke wangu siku zote saba, na sikuwahi kumsikia akisema kimepungua. Nilipomweleza hakunicheka. Alinipa daftari lake, lenye jalada lililochanika na madoa ya mafuta kila ukurasa, akasema, "Baba, fuata humo tu, utafika Ijumaa."

Nimejifunza mengi kutoka katika daftari hilo, na sipendi ionekane kwamba nimekaa tu kulalamika. Nilijifunza kwamba kilo 1 ya maharage makavu ikishaiva inakaribia kilo 2 na nusu, kwa hiyo bei ya maharage ya kopo yaliyokwisha kupikwa hailingani hata kidogo na ya makavu. Nilijifunza kuandamanisha nafaka na jamii ya kunde katika mlo mmoja au katika siku moja, kwa maana protini inayopungua katika mchele hupatikana katika maharage na dengu, na inayopungua katika maharage hupatikana katika mchele. Nilijifunza kununua mboga jioni, wauzaji wanapokuwa wamechoka, na kusoma uzito ulioandikwa kwenye pakiti badala ya kuutazama ukubwa wake, maana zipo pakiti ambazo nusu yake ni hewa.

Makosa nayo yalikuwepo, na moja nitalisema kwa sababu huenda msomaji mwingine yuko karibu kulitenda. Gesi ilipokaribia kuisha nilikumbuka ule utaratibu wa kuchemsha sufuria, kuifunika kwa mablanketi na kuiacha chakula kijiivishe kwa joto lake. Utaratibu huo ni mzuri na unaokoa nishati nyingi. Mimi lakini nilikuwa na maharage mekundu, nami kwa ubahili nikayachemsha dakika tatu au nne tu kabla ya kuyafunika. Jioni yalikuwa yamelainika kwa nje, magumu kidogo katikati, nikayapakua. Haikupita saa mbili watoto watatu walikuwa wakitapika. Muuguzi aliyetupokea alinieleza kwamba maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili ambayo joto la wastani haliiondoi, na kwamba ni lazima yalowekwe usiku kucha, maji ya kulowekea yamwagwe, kisha yachemke kwa moto mkali hata nusu saa kabla ya mtu kufikiria blanketi. Gesi niliyookoa siku ile sijui ilikuwa ya thamani gani, ila najua nauli ya kwenda na kurudi kutoka zahanati ilikula mboga za siku tatu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Pamoja na kulifuata daftari neno kwa neno, nilipokuwa nikipima mchele kwa kipimo alichokiandika, chakula hakikutosha mezani. Na nilipokuwa nikipima hadi kitoshe, bahasha haikufika Ijumaa. Usiku mmoja, watoto wakiwa wamelala na mke wangu akiwa zamuni, nilikaa na kalamu nikaanza kuzikagua hesabu zake ukurasa kwa ukurasa. Kwenye viazi alikuwa ameandika kwa mwandiko wake mzuri, "viwili kila mtu", na pembeni jumla yake: 10. Kwenye mchele, "nusu kikombe kila mtu", na jumla yake: vikombe 2 na nusu. Mayai ya Jumapili yalikuwa 5. Nilirudi nyuma kurasa nyingi, hadi miezi ambayo mimi nilikuwa bado na kazi kamili lakini bei zilikuwa zimeanza kupanda, na kila mahali palipokuwa na "kila mtu", watu walikuwa watano. Sisi ni sita. Nilihesabu tena kwa vidole, kama mtoto wa darasa la kwanza, nikitaja kila jina, ndipo nikaelewa ni jina gani halikuwa likipikiwa.

Nilijaribu kukumbuka ni lini nilimwona mara ya mwisho akila sahani nzima, nikashindwa. Nilichokikumbuka ni yeye akiwa amesimama na mwiko mkononi huku sisi tukila, akisema kwamba ameonja sana wakati wa kupika na sasa ameshiba. Sikuwa nikitazama. Mtu anayepewa sahani iliyojaa hana sababu ya kuikagua sufuria.

Wiki sita zilizopita alipata kizunguzungu kazini, wakampima, damu ikaonekana pungufu. Alipewa vidonge vya madini ya chuma, akaelezwa kwamba chai inayonywewa pamoja na chakula inazuia mwili usiyafyonze vizuri madini yaliyomo katika maharage na mboga za majani, ilhali tunda lenye uchachu au nyanya katika mlo huohuo husaidia. Kumbe chai ndiyo iliyokuwa mlo wake wa mchana na, siku nyingine, wa jioni. Mwanamke wa umri wake anayahitaji madini hayo kuliko mimi, na ndiye aliyekuwa akipata kidogo kuliko sote.

Nilipomwonyesha daftari hakukana wala hakukiri. Alilifunga taratibu, akasema, "Baba, hesabu inatimia au haitimii?" Nikasema inatimia. Akasema, "Basi." Tangu siku hiyo ninapika kwa ajili ya watu sita na ninapakua sahani sita jikoni kabla ya kuzipeleka mezani, ili asipate nafasi ya kupakua wa mwisho. Ninachokipata ni kwamba nikigeuka kuchukua maji, nusu ya sahani yake inakuwa imekwisha kuhamia kwa mdogo. Na jambo lililonifanya hatimaye nikuandikie ni hili: binti yetu mkubwa naye ameanza kusema hana njaa. Anasema kwa sauti ileile ya mama yake na kwa maneno yaleyale, eti alionja wakati wa kunisaidia kupika, wakati ninajua alikuwa chumbani akifanya kazi za shule.

Kwa upande wa fedha, nakuomba usiniambie ninunue kwa jumla. Ninafahamu kwamba gunia ni nafuu kuliko pakiti ndogo, na ninafahamu kwamba mwenye kununua kidogo kidogo analipa zaidi kwa kila kilo. Lakini bahasha ya wiki moja hainunui gunia, na kila nilipoweka kando kidogo ili nifikie huko, kiatu cha mtoto kilipasuka au dawa ikahitajika. Bustani sina, na dirisha nililo nalo halipati jua. Nimewahi kufikiria kuungana na familia mbili tunazoelewana nazo, tuchange, tununue mfuko mmoja mkubwa na kugawana kwa mizani, ila nina wasiwasi juu ya wiki ambayo mmoja wetu hatakuwa na mchango wake. Je, wapo wasomaji waliolijaribu hilo bila kuharibu urafiki, na walikubaliana nini mapema kuhusu atakayekosa?

Pia ningependa kujua ninapopaswa kupunguza ikiwa ni lazima nipate sahani ya sita kutoka humohumo. Nimekwisha kupunguza sukari na biskuti, na nyama imebaki kuwa ya kutia ladha kwenye mchuzi. Nimebakiza mayai, maziwa ya wawili wadogo, na matunda mara tatu kwa wiki. Mafuta ya kupikia naogopa kuyagusa, kwa sababu ndiyo yanayowashibisha watoto kwa gharama ndogo. Ninaona ni afadhali mimi na mke wangu tuyaache mayai ya Jumapili tule dengu, watoto wabaki na yao, lakini nikipendekeza hivyo nina hakika atasema dengu nazo niwaachie watoto.

Hapo ndipo ninapokwama zaidi kuliko kwenye fedha. Sitaki kumgombeza mtu kwa kosa la kuwalisha wanangu na mimi mwenyewe kwa sahani yake. Nikimlazimisha ale mbele yangu, ninamfanya mtoto. Nikinyamaza, nitakuwa nimekubali kuendelea kula fungu lake, safari hii nikijua. Je, nikae na watoto wakubwa wawili niwaonyeshe bahasha na daftari, waelewe kwamba hakuna anayeruhusiwa kujitoa kwenye hesabu, au nitakuwa nimewatwika mzigo usiowahusu na kumfanya binti yangu azidi kujinyima? Na kwa mke wangu nianze na neno gani, ikiwa yeye anaona kwamba tatizo lilikuwa limekwisha kutatuliwa hadi nilipoingia jikoni?

Jana nilimfungia chakula kwenye kopo aende nacho zamuni, wali na maharage na vipande vya nyanya juu, nikamsihi asinywe chai kabla ya saa moja kupita. Alinishukuru sana. Asubuhi nilipoamka nilimkuta mdogo mezani na kijiko, akiumalizia wali kutoka katika kopo hilo, na mama yake ameketi pembeni bado amevaa sare ya kazi, akimtazama.

Ninasubiri ushauri wako na wa wasomaji.

Wako,
Baba wa Watoto Wanne