Kwa mdogo wangu anayegombana na wenzake kuhusu taa ya korido

Mdogo wangu mpenzi,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho, na nimesikia ulivyochoka. Nimesikia kwamba siku hizi milango inabamizwa, kwamba ulibandika karatasi juu ya swichi ya korido yenye maneno ZIMA TAA kwa herufi kubwa, na kwamba mwenzenu wa chumba cha mwisho aliisoma, akaiacha taa ikiwaka usiku kucha makusudi. Nakujibu hadharani bila kukutaja jina, kwa sababu wanaokaa watatu wanne kwenye nyumba moja na kununiana kwa mambo kama haya ni wengi.

Nianze na neno ambalo hutalipenda. Katika hili la taa, hoja yako ni nyepesi, na mwenzako anajua kuwa ni nyepesi.

Uniti moja ya umeme ni wati 1,000 zikitumika saa nzima. Balbu ya LED ya wati 9 ikiwaka saa 10 mfululizo inakula sehemu 9 tu kati ya 100 za uniti. Sasa twende bafuni. Ile hita ya kuogea inayopasha maji papo kwa papo, kama ni ya wati 4,500, mtu akiifungulia dakika 20 amemaliza uniti moja na nusu. Kwa umeme huo, taa ya korido ingewaka karibu siku 7, usiku na mchana, bila mtu kuigusa. Na kwa ulivyonisimulia mwenyewe, anayekaa bafuni kuliko wote si yule wa chumba cha mwisho.

Sisemi hivi kumtetea yeye wala kukuhukumu wewe. Nasema kwa sababu mnachunga kitu kidogo huku kikubwa kinapita. Ukitaka kujua umeme wa nyumba unaishia wapi, angalia vitu vinavyotoa joto: hita, jiko la umeme, pasi, birika, mashine ya kukausha nguo. Kuchemsha lita moja tu ya maji kunakula karibu sehemu moja ya kumi ya uniti, yaani sawa na ile taa kuwaka usiku mzima. Anayejaza birika mpaka juu kwa ajili ya kikombe kimoja, mara tano kwa siku, ana uzito kwenye bili kuliko anayesahau taa. Anayepiga pasi nguo moja kila asubuhi anaipasha pasi upya kila siku, wakati angeweza kupiga za wiki nzima kwa mkupuo. Lakini hao hawabandikiwi karatasi, kwa sababu birika na pasi havionekani vikiwaka unapopita koridoni. Na simu mnazozozana nani anachaji mara nyingi? Uniti moja inaweza kuijaza simu ya kawaida mara 30 na zaidi. Hilo liacheni kabisa.

Kabla hamjamshuku mtu mwingine, pimeni. Siku moja zimeni kila kitu, chomoeni hata friji kwa dakika chache, kisha mkaitazame mita wote kwa pamoja. Ikiendelea kusogea wakati hakuna kinachowaka, kuna kitu kimesahauliwa mahali, au kuna tatizo kwenye nyaya na fundi aitwe. Kisha washeni kimoja kimoja muone mita inavyobadilika. Friji nayo ikagueni: baneni karatasi mlangoni, fungeni, halafu ivuteni. Ikitoka bila kushikwa, mpira wa mlango umechoka, na friji inahangaika mchana na usiku kupoza hewa inayoingia.

Kwenye maji ndiko ninakotaka ukae na kufikiri zaidi. Umesema bili ya maji imepanda na wote mnamtazama yule anayefua kila siku. Nimewahi kukaa kwenye nyumba ambamo watu wawili walivunja urafiki wa miaka kwa mtindo huohuo, mmoja akihesabiwa ndoo, na mwenye kosa alikuwa tangi la choo. Valvu ilikuwa imechoka, maji yanatiririka kimya kimya ndani ya bakuli saa zote, wala huyasikii. Kulijua hili ni rahisi: tia rangi ya chakula kidogo kwenye tangi, choo kisitumike kwa nusu saa, kisha tazama bakuli. Ukiona rangi imeshuka bila mtu kuvuta maji, tangi linavuja. Tafadhali fanya hilo leo, kabla hujamwambia mwenzako neno lolote ambalo hutaweza kulirudisha.

Angalia pia kama bili yenyewe imetokana na mita kusomwa au ni makadirio. Mara nyingi bili huonyesha hivyo. Kampuni ikikadiria chini miezi miwili, mwezi wa tatu ikija kusoma kweli mtapigwa deni la nyuma kwa mara moja, na mtaanza kutafuta mchawi ambaye hayupo. Halafu kuna sehemu ya bili ambayo mara nyingi haibadiliki, mtumie au msitumie. Hiyo hata mkikaa gizani mwezi mzima itakuja ilivyo.

Sasa nije kwenye kile ninachoamini ndicho kinachokuuma. Akaunti ya umeme iko kwa jina lako. Ya intaneti iko kwa jina lako. Bili zinakuja kwako, wewe ndiye unayelipa kwanza ili huduma isikatwe, kisha unaanza kuzunguka kama mdai: huyu anakupa nusu, huyu anasema mwisho wa mwezi, huyu anasoma ujumbe wako na kukaa kimya. Umekuwa ukiikopesha nyumba nzima pesa zako, bila mtu kukwambia asante, na bado unaitwa bahili. Hilo linaumiza, mdogo wangu, na una haki ya kuumia. Lakini hujawahi kulisema. Ulichosema ni taa. Wao wakakujibu kuhusu taa, wakakushinda kwa taa, na dai lako la kweli likapita bila kuguswa.

Kwa hiyo liseme lenyewe. Usiliseme siku bili imefika, kwa sababu siku hiyo kila mtu amekaa kujitetea. Usiliseme kwenye kundi la simu la nyumba, ambako neno fupi husomwa kwa sauti ambayo hukuitoa. Waite wakae, uwaonyeshe risiti, useme: nimetanguliza pesa hizi, kwa miezi hii, nimerudishiwa kiasi hiki, na sitaweza kuendelea. Ukinyamaza hapo inatosha. Usiongeze habari ya nani aliacha nini kikiwaka.

Baada ya hapo kuna mambo ya kupatana, na mimi nina msimamo wangu. Matumizi ya kawaida yagawanywe sawa kwa sawa. Najua wapo wanaotaka kila mtu alipie alichotumia, lakini nyumba ya namna hiyo inageuka mahali pa kuviziana, mtu anahesabu dakika za mwenzake bafuni, na hakuna usingizi humo. Acheni usawa uvunjwe na vitu vikubwa tu: mwenye hita ya chumbani au friji yake binafsi aongeze kidogo. Mkibishana ni kiasi gani, vipo vipimo vya kuchomeka kwenye soketi vinavyoonyesha kifaa kimoja kimekula uniti ngapi kwa wiki. Anayesafiri mwezi mzima aendelee kulipa intaneti na kodi, lakini apunguziwe maji na umeme.

Mgeni ni kipengele kigumu, nacho msikikwepe. Mpenzi wa mtu akilala usiku mmoja mmoja, ni mgeni, akaribishwe. Akilala nusu ya wiki, kila wiki, anaoga, anapika na kuchaji kompyuta yake, basi kwa upande wa bili huyo ni mkazi, na aliyemleta alipie mafungu mawili. Semeni idadi ya siku mapema, wakati hakuna mgeni yeyote ndani, ili mtu asione kanuni imetungwa dhidi yake.

Kama umeme wenu ungekuwa wa kulipia kabla, ningekuonya kuhusu jambo jingine: aliyepo nyumbani ukikatika ndiye hununua, na huwa ni yuleyule. Tiba yake, kama ya hili lako la kutanguliza pesa, ni mfuko mmoja unaochangwa tarehe moja, kabla ya matumizi.

Yapo mengine uliyoyataja ambayo hayana bili hata kidogo. Vyombo kulala sinkini. Nywele kwenye tundu la kutolea maji. Muziki saa sita usiku wakati wewe unaamka alfajiri. Nimekusikia ukijaribu kuyatafutia hasara ya pesa, kwamba sabuni inaisha haraka, kwamba spika inakula umeme. Huhitaji. Kuamka na kukuta sinki limejaa kunakuharibia asubuhi, na hiyo ni sababu tosha kati ya watu wanaoishi pamoja. Mwambie mtu mmoja, ana kwa ana: nikikuta vyombo asubuhi nashindwa kupata nafasi ya kujiandalia chochote kabla ya kazi, naomba vioshwe kabla ya kulala. Mtu mzima anaweza kulibeba ombi hilo. Kijembe cha karatasi juu ya swichi hakibebeki, kwa hiyo anakijibu kwa kiburi, kama mlivyoona.

Ukirudi leo, ibandue ile karatasi kwanza. Usiseme chochote, ibandue tu.

Huenda yote haya yasisaidie. Yupo mtu ambaye hata ukimwekea risiti mezani hatalipa, na hilo utalijua ndani ya bili mbili. Ikiwa hivyo, usibaki hapo kwa kuwaonea wengine huruma, na usikate huduma kwa hasira, maana wapo wasio na kosa humo ambao watateseka bure. Wape taarifa mapema kwa maandishi kwamba kufikia tarehe fulani jina lako litatoka. Siku hiyo piga picha ya mita, namba zisomeke vizuri, mwenzako mmoja akiwa shahidi. Iombe kampuni bili ya mwisho na uthibitisho kwamba akaunti imefungwa au imehamishiwa kwa mtu mwingine. Usikabidhi ufunguo kabla hujaupata uthibitisho huo, kwa sababu akaunti ikibaki kwa jina lako, deni lao la mwezi ujao litakufuata wewe.

Ni mimi,
Dada yako