Risala ya Kikundi cha Maigizo cha Shule kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Filamu za Zamani

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Karibu sana shuleni kwetu. Tunajua una shughuli nyingi, hivyo hatutakuchosha.

Ndugu Mgeni Rasmi, kikundi chetu kina ugonjwa mmoja: kila anayejiunga anataka kuwa steringi. Wa kucheza mtumishi au mjomba hapatikani mpaka mwalimu akunje uso. Ndiyo maana mwaka huu tunamuenzi Edward Everett Horton, Mmarekani aliyezaliwa Brooklyn mwaka 1886. Aliwahi kuwa steringi kwenye filamu chache za mwanzo, lakini jina alilijenga pembeni ya mastaa, tangu enzi za filamu bubu hadi za televisheni.

Silaha yake ilikuwa kuchelewa kushtuka. Anaambiwa jambo zito. Anatabasamu, anaitikia kwa kichwa, anaendelea na mambo yake. Halafu ndipo maneno yanamwingia: tabasamu linayeyuka, macho yanamtoka, mdomo unabaki wazi. Tumejaribu mazoezini. Ukishtuka mapema, hakuna anayecheka. Ukichelewa mno, watu wanadhani umesahau maneno. (Mwenzetu mmoja wa kidato cha pili alikuwa amesahau kweli, na ndiye aliyechekesha kuliko wote.)

Leo tutaonyesha Top Hat ya mwaka 1935. Wanaocheza dansi ni Fred Astaire na Ginger Rogers, lakini mkorogano wote unatokana na Rogers kudhani Astaire ndiye Horace Hardwick, mume wa rafiki yake. Hardwick mwenyewe ni Horton. Mtoe yeye, kisa hakuna.

Baadaye, kuanzia mwaka 1959, sauti yake ilisimulia hadithi za katuni kwenye televisheni. Alifariki mwaka 1970. Filamu yake ya mwisho, Cold Turkey, ilitoka mwaka uliofuata, na humo hatamki neno. Anaigiza kwa uso tu.

Ndugu Mgeni Rasmi, changamoto hazikosi. Projekta tunaazima, na spika yetu inakoroma. Tunaomba utusaidie spika, maana nusu ya vichekesho vya leo imo kwenye maneno. Ombi la pili halihitaji fedha: utakapokabidhi zawadi, tafadhali anza na walioigiza nafasi ndogo, kabla masteringi hawajajaa jukwaani.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanakikundi