Wimbi letu halina sumu

Mhariri,

Miaka kumi na mbili nasoma gazeti lenu na sijawahi kuwaandikia hata mstari, lakini ile habari ya mbegu za wimbi kupigwa mionzi na watafiti wanaotafuta aina bora, mkaipa kichwa kikubwa ati "wimbi la nyuklia", imenishinda kunyamaza.

Nauza wimbi na unga wake hapa Tororo, Uganda. Siku ilipotoka habari yenu mama mmoja, kastoma wangu wa siku nyingi, alirudisha kilo mbili, kamba ya mfuko haijafunguliwa, akasema dada samahani, mjukuu wangu hawezi kunywa uji wa mionzi. Nikamwambia hili ni la shamba la shemeji yangu Serere, mbegu aliachiwa na mama yake, mashine iliyoligusa ni ya kusaga tu. Wapi! Nikamrudishia pesa. Kufika jioni wakaja wengine wanne, na mmoja anapika ajon, pombe yetu ya wimbi, huyo hununua madebe matatu kila wiki.

Sasa nyinyi mngeuliza hata mtu mmoja anayejua. Mbegu inapigwa miale ya gama halafu basi, kama mtu anavyopigwa eksirei akivunjika mguu, hatoki pale na mionzi mguuni, na mbegu ni hivyo hivyo, kinachobadilika ni vinasaba vyake, mengi ya mabadiliko hayafai yanatupwa, watafiti wanapanda na kuchagua msimu baada ya msimu mpaka wapate mche wa maana. Hakuna jeni ya kiumbe kingine inayoingizwa, mmechanganya na GMO, yaani mazao ambayo jeni zake zimebadilishwa maabara, yale ya ule muswada Bunge letu lilipitisha 2017 rais akaurudisha. Na si jambo la jana, Marekani walipiga shayiri eksirei tangu miaka ya 1920, leo duniani kuna aina zaidi ya 3,000 za mazao zilizopatikana kwa njia hii. Hapo Kenya tu walitoa ngano ya Njoro-BW1 mwaka 2001, baadaye wakatoa Eldo Ngano 1 inayohimili Ug99, ugonjwa wa kutu ya ngano, na hiyo Ug ni Uganda, kutu ilionekana kwetu 1998! Mwaka jana wimbi la shemeji lilishikwa na ule ukungu unaokausha shingo ya suke, nilifikicha suke kiganjani yakatoka makapi matupu, magunia manane yakawa mawili. Wakipata wimbi ambalo shingo haikauki, mimi nitakuwa wa kwanza kulinunua.

Halafu mbegu feki mbona hamuandiki? Duka moja la pembejeo lilituuzia mahindi ya kula yaliyopakwa rangi nyekundu, yanachafua vidole, hata nusu hayakuota.

Naomba masahihisho yatoke ukurasa uleule, herufi kubwa zilezile, kwa Kiteso pia, na yatoke Jumamosi ndio nauza zaidi. Na mwandishi wenu aje wakati wa palizi, apalilie mstari mmoja kwa mkono mpaka aweze kutofautisha wimbi na lile gugu linalofanana nalo. Hiyo kurasa nitaibandika juu ya mizani yangu.

Muuza wimbi, Tororo