Video, Macho Mawili na Macho Manne

Sahibu yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Umeuliza kama saa unazokesha na video mtandaoni zinajenga urafiki wowote, au unajiliwaza tu. Jibu langu ni kwamba zinajenga pale ambapo yupo mtu mwingine anayetazama nawe, na kila mmoja anajua mwenzake yupo.

Yule mtangazaji unayemfuata kila jioni hakujui. Watafiti Horton na Wohl walilieleza jambo hili tangu 1956, enzi za redio na televisheni: anayezungumza huku ameikazia macho kamera hukufanya uhisi mnaongea, kumbe maneno yanakwenda upande mmoja tu. Faraja unayopata ni ya kweli, usiione haya. Ila ukiugua hatakuja kukujulia hali.

Kutazama na mtu ni habari nyingine kabisa. Mwaka 2019 watafiti Wouter Wolf na Michael Tomasello walionyesha kwamba hata sokwe, akishatazama video fupi pamoja na mtu, humsogelea mtu huyo upesi zaidi. Macho kuelekea mahali pamoja yalitosha kuanzisha ukaribu. Nasema kuanzisha, maana urafiki wenyewe unadai muda: Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alikadiria saa 50 hivi ili watu watoke kwenye kufahamiana tu na kuwa marafiki wa kawaida, na zaidi ya 200 ili wawe marafiki wa kufa na kuzikana.

Basi mkiwa mbali, pigianeni simu kwanza, kila mmoja na spika zake za masikioni. Sauti ya video ikitoka nje, maikrofoni huinasa na mwenzako huisikia mara mbili. Tena simu, katika kuzuia mwangwi, hukatakata maneno yako. Acheni matangazo ya biashara yaishe, kwa kuwa hamwekewi yaleyale wala ya urefu mmoja. Rudisheni video kwenye 0:00, hesabuni hadi tatu, bonyezeni. Baada ya dakika moja ulizaneni: "Yangu inasoma 1:04, yako?" Tofauti ya sekunde moja inavumilika. Zikifika tatu, mmoja anacheka kabla mwenzake hajaona kinachochekesha, na kicheko cha pamoja ndicho hasa mlichokuwa mnakitafuta. Matangazo ya mubashara yana taabu zaidi, kwa sababu kila simu huyapokea kwa kuchelewa kwake. Hapo ambaye picha yake imetangulia asimamishe kidogo amngoje mwenzake.

Dakika 10 hadi 20 zinatosha. Video ndefu huwanyamazisha watu. Anayetaka kusema neno aseme "simama", na wote wasimamishe.

Kuhusu kutumiana viungo vya video: vinane kwa siku havifunguliwi, na asiyefungua huanza kukukwepa kwa aibu. Tuma kimoja, uandike, "Tazama 4:10, mikono ya yule fundi anapokosea." Hapo mwenzako anajua jicho lako lilitua wapi, na kwamba ulipoona ulimkumbuka yeye. Hilo linamgusa kuliko video yenyewe.

Anza wiki hii, na mtu mmoja tu. Video ikiisha msikate simu. Robo saa inayofuata ndipo maongezi yenyewe yanapoanza.

Akupendaye daima,
Sahibu yako