Mhariri, mkituletea habari za kale mtuambie na wamejuaje

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nitoe dukuduku langu kuhusu hizi habari za mambo ya kale mnazotuwekea, makaburi, miji iliyopotea, mafuvu na kadhalika. Kwanza nashukuru mnaziweka, maana wengine wanaona kitu cha miaka elfu tatu iliyopita hakina haraka kinaweza kusubiri mpaka siasa ziishe, na siasa haziishi. Shida yangu ni moja tu. Mnatuambia kimepatikana nini, kina umri gani, basi habari imekwisha. Wamejuaje? Hapo mnaruka. Na hapo ndo penye utamu wote, tena ndo kinga yetu wasomaji tusiuziwe mbuzi kwenye gunia.

Tuanze na kaburi la Farao Thutmose wa Pili lililotangazwa Misri Februari 2025. Kichwa cha habari kila mahali kilikuwa kilekile, eti kaburi la kwanza la farao kupatikana tangu la Tutankhamun mwaka 1922, na hapohapo kuna kasoro kwa sababu Mfaransa Pierre Montet alifukua makaburi ya mafarao kule Tanis, kaskazini mwa Misri, mwaka 1939 na 1940, Psusennes wa Kwanza alikutwa kwenye jeneza la madini ya fedha, ila dunia ilikuwa vitani nani angeshughulika na farao. Mngesema la kwanza kwa wafalme wa nasaba ya 18, yani ukoo wa kifalme wa hao Thutmose na Tutankhamun, ingekuwa sawa. Haya, tuyaache hayo. Kaburi lenyewe lilikutwa tupu, hamna dhahabu, hamna kiti cha enzi, hata mwili haumo, mwili wake ulishapatikana tangu karne ya 19 sehemu nyingine kabisa. Sasa kama ni tupu walijuaje la nani?

Mlango waliuona mwaka 2022 na mwanzoni walidhani ni kaburi la mke wa mfalme maana eneo lile wamezikwa wake za wafalme. Ndani kulijaa vifusi vya mafuriko ya zamani. Wakatoa kifusi, wakatoa, mpaka wakaona mabaki ya dari ya buluu yenye nyota za njano, na urembo wa aina ile haukuwa wa kila mtu, ulikuwa wa wafalme. Alafu wakaokota vipande vya mitungi ya alabasta vyenye maandishi, jina la Thutmose wa Pili akitajwa kama mfalme aliyekwisha kufa, na jina la mkewe Hatshepsut. Yani vipande vya mitungi iliyovunjika ndo vimemtambulisha mwenye nyumba! Na inavyoelekea vitu vyake vilihamishwa zamani zilezile baada ya maji kuingia. Mimi hiyo naisoma mara mbili, kuliko dhahabu ambayo nimeshaiona kwenye picha tangu nikiwa mdogo.

Mwezi mmoja baadae, Machi 2025, ikaja ile ya piramidi ya Khafre kule Giza, Misri. Mnaikumbuka bila shaka, ilisambaa kila kona, eti watafiti wa Italia wameona kwa rada ya setilaiti nguzo nane kubwa chini ya piramidi zinashuka zaidi ya mita 600 kwenda chini. Watu wakaanza na majenereta ya umeme ya kale, sijui wageni kutoka sayari nyingine, kila mtu na lake. Mngeuliza wamejuaje ile habari ingekuwa fupi sana. Mawimbi ya rada hayapenyi mamia ya mita za mwamba, na madai yenyewe yalitolewa kwenye mkutano na waandishi wa habari, sio kwenye jarida ambalo wataalamu wengine wameyapitia kwanza. Zahi Hawass aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya kale Misri aliyakataa wazi. Lakini nguzo zilikuwa zimeshajengwa vichwani mwa watu, kazi kuzibomoa.

Na kinachouma ni kwamba hapohapo Giza kuna ugunduzi wa kweli ambao haukupata hata robo ya kelele hizo. Kwenye piramidi kubwa ya Khufu walitumia chembe zinaitwa muoni. Hizi zinazaliwa pale mionzi ya anga za juu inapogonga hewa, zinatunyeshea muda wote bila sisi kujua, na zina uwezo wa kupita kwenye mawe ila zinapungua kadri jiwe linavyokuwa nene. Kwahiyo ukiweka vifaa vya kuzihesabu ndani ya piramidi alafu ukaona upande fulani zinakuja nyingi kuliko inavyotakiwa, ujue huko kuna uwazi. Mwaka 2017 wakatangaza uwazi mkubwa wenye urefu wa angalau mita 30, na Machi 2023 wakathibitisha korido ya mita 9 hivi nyuma ya mawe yaliyo juu ya mlango wa kaskazini, na hiyo hawakuishia kwenye hesabu, walipenyeza kamera nyembamba kwenye kiungo cha mawe wakaiona. Wamehesabu, wengine wamehesabu kivyao, wakachungulia. Nguzo za Khafre nani kachungulia?

Kuna nyingine ya Gunung Padang, Indonesia. Oktoba 2023 ilitoka makala kwenye jarida la kitaalamu kabisa ikidai kile kilima ni piramidi iliyoanza kujengwa zaidi ya miaka elfu 20 iliyopita, yani ingekuwa kongwe kuliko zote. Machi 2024 jarida likaifuta makala. Umri wa udongo ulikuwa umepimwa vizuri tu kwa kaboni, ile inayopungua taratibu kwenye mabaki ya kilichokuwa hai, tatizo ni kwamba kwenye udongo ule hapakuwa na alama yoyote ya mkono wa mtu. Udongo ni wa kale, sawa, udongo wowote ukichimba vya kutosha utafika kwenye wa kale, ila nani alisema kuna mtu alikuwepo? Makala ilipotoka ilikuwa habari kubwa, ilipofutwa nani aliandika.

Sasa msinielewe vibaya mkadhani nataka habari za kukanusha tu. Nataka mtuletee zaidi, maana miaka hii vinapatikana vitu vya ajabu na vingine bila hata kushika sepeto. Mwaka 2024 yalitangazwa matokeo ya mwanafunzi wa shahada ya uzamivu anaitwa Luke Auld-Thomas, alikuwa anaperuzi Google, akafika ukurasa wa 16 hivi (nani kati yetu anafika hata wa tatu), akakuta data za leza zilizopigwa kwa ndege mwaka 2013 juu ya misitu ya Campeche, Mexico. Waliozipiga walikuwa wanapima kaboni ya msituni, mambo ya mazingira, hawana habari na Wamaya, wenyeji wa kale wa huko. Hii teknolojia inaitwa lida, ndege inarusha mamilioni ya miale kwenda chini, mingi inagonga majani, michache inapenya mpaka ardhini na kurudi, kompyuta inapima muda wa kila mwale alafu inafuta miti yote unabaki na umbo la ardhi tupu. Akaziangalia kwa jicho la mwanaakiolojia, yeye na wenzake wakahesabu majengo 6,764, pamoja na mji mzima wenye mapiramidi na uwanja wa mchezo wa mpira wakaupa jina Valeriana. Data zilikaa miaka hadharani, kila mtu anaweza kuzipakua. Kwa lida hiyohiyo Januari 2024 tukasikia bonde la Upano kule Ekuador, majukwaa ya udongo zaidi ya 6,000 yameunganishwa na barabara zilizonyooka, yameanza kujengwa kama miaka 2,500 iliyopita, sehemu ambayo watu walishazoea kuiita msitu ambao haujawahi kuguswa na binadamu.

Na Pompeii je, ule mji wa kale wa Italia? Kuna zile sanamu za plasta za watu waliokufa volkano ya Vesuvius ilipolipuka mwaka 79, plasta ilimiminwa kwenye uwazi ulioachwa na miili ndani ya jivu. Mojawapo ni mtu mzima aliyevaa bangili ya dhahabu na mtoto yuko mapajani mwake, na miaka yote hiyo waongozaji watalii wanasimulia mama na mwanawe. Novemba 2024 wakatoa majibu ya DNA kutoka vipande vya mifupa vilivyobaki ndani ya plasta. Mama ni mwanaume. Na hana undugu wa damu na yule mtoto. Basi tu, bangili na mtoto, watu wakajaza wenyewe yaliyobaki. Hapa hakuna kitu kipya kilichochimbwa kabisa, ni kuuliza tena swali ambalo lilionekana limejibiwa.

Jirani na hapo, Herculaneum, kuna magombo ya mafunjo, yani vitabu vya kale vya kuviringisha, yaliyogeuka mkaa siku ileile ya volkano, yalifukuliwa karne ya 18, ukijaribu kulifungua linapukutika. Wakayapiga picha za eksirei za tabaka kwa tabaka, lakini wino wenyewe ni wa masizi na gombo limekuwa mkaa, kwahiyo kwenye eksirei wino na karatasi ni kitu kimoja. Wakafungua shindano la kuyasoma mwaka 2023. Kijana wa miaka 21 wa Marekani, Luke Farritor, akaifundisha kompyuta kutambua mipasuko midogo sana pale wino ulipopita, Oktoba mwaka huohuo likatoka neno la kwanza la Kigiriki, lenye maana ya zambarau. Februari 2024 yeye na wenzake wawili, Youssef Nader na Julian Schilliger, wakachukua zawadi ya dola 700,000 kwa kusoma safu 15, mwanafalsafa anajadili starehe, chakula na muziki. Ni kama asilimia 5 tu ya gombo hilo moja, na yapo mamia. Mimi ningeuza hata redio yangu kujua yaliyobaki.

Mnaweza kusema wasomaji hawataki ubishi wa kitaalamu, wanataka jibu. Sikubali. Ubishi ukielezwa vizuri ni mtamu kama kesi. Zile nyayo za watu kule White Sands, New Mexico, walitangaza 2021 kwamba zina miaka kati ya 21,000 na 23,000, wakati kwa miaka mingi vitabu vilifundisha kwamba watu wameingia Amerika miaka elfu 13 hivi iliyopita. Wakosoaji wakasema ngoja kwanza, mmepima mbegu za nyasi za majini, na mimea ya majini inaweza kunyonya kaboni ya zamani kutoka kwenye maji ikaonekana kongwe kuliko ilivyo. Hoja nzito kabisa. Watafiti hawakununa, wakarudi, wakapima chavua za miti ya nchi kavu, wakapima na chembe za mchanga kwa njia nyingine ya mwanga, mwaka 2023 wakatoa majibu, umri uleule. Hapo mtu akibisha anajua anabishana na nini.

Hiyo njia ya mwanga ndo iliyotumika pia maporomoko ya Kalambo, upande wa Zambia, kwenye magogo mawili yaliyochongwa mkato yakakaliana, kazi ya mikono kabla hata ya binadamu wa aina yetu kuonekana, miaka 476,000. Kaboni isingefaa maana ukivuka miaka elfu 50 hivi haisomi tena. Wanachopima ni mchanga uliofunika magogo, chembe zake zikizikwa gizani zinajiwekea nishati kidogo kidogo, maabara wakizichokoza zinatoa mwanga na ule mwanga unasema ni lini ziliona jua mara ya mwisho. Na pango la Panga ya Saidi, Kilifi, Kenya, mtoto wa miaka kama miwili na nusu au mitatu aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita, mifupa ilikuwa laini mno wakaifunga plasta na udongo wake wakaibeba bonge zima. Kwa jinsi kichwa na pingili za shingo zilivyokaa wakaona alikuwa amelazwa juu ya kitu kama mto ambacho kimeshaoza. Mto umeoza lakini shingo imebaki inausema. Sasa ukiandika tu "kaburi la kale lapatikana pangoni" umetupa nini?

Najua nafasi gazetini ni finyu na mwandishi anabanwa na muda. Siombi ukurasa mzima. Sentensi moja inatosha, umri umepimwa kwa kitu gani, na nyingine kama kazi imetoka kwenye jarida au imetoka kwenye mkutano wa waandishi tu. Na ikifutwa mtuambie, hata kwa maandishi madogo.

La mwisho ni picha. Siku hizi naona mnaweka miji ya kale inang'aa, ngazi za dhahabu, watu wamejipanga, kumbe imetengenezwa na kompyuta jana. Andikeni chini yake kwamba ni mchoro. Na kama ipo picha ya uchimbuzi wenyewe, ile yenye vumbi, kamba na vibao vya kupimia, wekeni hiyo.

Wenu,
Msomaji wa ukurasa wa dunia